Kifurushi Kutoka Ng'ambo: Ushuru, Ada na Maktaba ya Shule Yetu

(Hotuba iliyotolewa bwaloni, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



 

Kamati imenitaka niseme juu ya jambo ambalo halina utamu wa siasa wala wa mpira, nalo ni ushuru na ada zitozwazo kwenye vifurushi viletwavyo kwa posta kutoka nchi za nje. Sababu ya kuchagua jambo hili mnaijua. Mwaka juzi wenzetu walioko ng'ambo walichangishana fedha, wakanunua vitu kwa ajili ya shule hii, wakavituma. Kifurushi kikafika nchini, kikakaa, hatimaye kikarudi kilikotoka. Tangu hapo yamesemwa mengi. Wapo waliosema kwamba Serikali inatoza ushuru vitabu vya watoto, na wapo waliosema kwamba uongozi wa shule ulilala. Wenzetu wa ng'ambo nao wameandika kwamba hawatatuma kitu tena. Kama maneno hayo yataachwa yazoeleke, itakayopata hasara ni ile maktaba iliyoko ng'ambo ya uwanja huu, ambayo rafu zake mmeziona asubuhi.

Mimi ni mtumishi wa Serikali, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa ikipakana na mambo ya ushuru. Leo sikuja kuisemea ofisi yoyote. Nimekuja kama mtu aliyelala bweni la kule chini na kula maharage ya bwalo hili. Nimeomba kwa Mwalimu Mkuu karatasi zote za kifurushi kile, nimezisoma, na nitawaeleza nilichokiona. Lakini kabla ya hapo yafaa tuelewane juu ya njia ipitwayo na kifurushi chochote.

Maneno mawili ya zamani

Neno ushuru limetufikia kutoka Kiarabu, na asili yake ni sehemu moja ya kumi. Forodha nayo ni mahali pa kuteremshia na kukagulia shehena. Ndiyo maana Unguja wana Forodhani yao hadi leo, ingawa siku hizi watu huenda pale kula mishikaki. Katika mkataba ambao Sayyid Said alitiliana na Marekani mwaka 1833, ushuru wa bidhaa zilizoteremshwa uliwekwa kuwa asilimia 5. Kazi ya kuukusanya ilikodishwa kwa wafanyabiashara, ambao mashuhuri wao alikuwa Jairam Shivji. Nalitaja hilo kwa sababu moja. Nahodha aliyetia nanga Unguja zama zile alijua mapema atakachodaiwa. Msiba wetu sisi wa vifurushi si kwamba ushuru upo, kwani umekuwapo siku zote. Msiba ni kwamba wengi wetu huujua ukubwa wake tukiwa tumekwisha kusimama mbele ya dirisha la posta.

Njia ya kifurushi

Tarehe 9 Oktoba 1874 wajumbe wa nchi 22 walitia sahihi mkataba katika mji wa Bern, Uswisi, ukazaliwa umoja ambao sasa huitwa Umoja wa Posta Duniani. Leo una nchi wanachama 192. Afrika nayo ina umoja wake wa posta tangu mwaka 1980, na makao yake makuu yako hapa kwetu Arusha. Shabaha ya mkataba ule wa Bern ilikuwa kuifanya dunia iwe kama eneo moja la posta, hata mtu akibandika stempu mahali pamoja barua yake ipokelewe na kupelekwa kila mahali.

Lakini barua ni neno, na kifurushi ni mali. Mali ikivuka mpaka hupita kwanza mikononi mwa forodha ya nchi iingiayo. Kwa hiyo kila kifurushi hubandikwa tamko la forodha. Kipakiti kidogo, ambacho kwa kawaida hakizidi kilo 2, hubandikwa karatasi ndogo iitwayo CN 22, ikiwa thamani yake haizidi vipimo 300 vya SDR, yaani ile hesabu ya fedha itumiwayo na Shirika la Fedha la Kimataifa. Kikizidi hapo, na vifurushi vikubwa kwa jumla, hutumia fomu ndefu zaidi iitwayo CN 23.

Fomu hizo huuliza mambo machache tu: ndani mna nini, vingapi, uzito gani, thamani gani na kwa fedha ya nchi ipi, vimetengenezwa wapi, na vinapelekwa kwa sababu gani: zawadi, biashara, sampuli, au bidhaa inayorudishwa. Pana pia nafasi ya namba ya bidhaa katika orodha ya kimataifa iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Namba hizo ndizo lugha ya maofisa wa forodha. Ukiandika 4901 ofisa wa Dar es Salaam, wa Mombasa na wa Muscat wote wataelewa kwamba ni vitabu vilivyochapwa. Ukiandika 6309 wataelewa kuwa ni nguo zilizokwisha kuvaliwa, hata kama wewe umeziita "mavazi ya heshima".

Tangu tarehe 1 Januari 2021 limeongezeka jambo jingine. Kwa kanuni za Umoja wa Posta Duniani, habari hizo za fomu yapasa zitangulie kwa njia ya elektroniki kabla kifurushi chenye bidhaa hakijafika. Karatasi iliyoandikwa kwa kalamu na kubandikwa juu haitoshi tena. Kwa hiyo neno moja la ovyo lililoandikwa na mtumaji huko London au Toronto laweza kufika hapa kabla ya mzigo wenyewe, likausubiri mzigo ili uzuiwe.

Kifurushi kilichoandikishwa kina namba yenye tarakimu na herufi 13: herufi mbili za mwanzo, tarakimu tisa katikati, na herufi mbili za nchi kilikotoka. Herufi ya kwanza ikiwa C ni kifurushi, ikiwa R ni rejista, na ikiwa E ni huduma ya haraka ya EMS. Mtumaji amtumie mpokeaji namba hiyo siku ile ile, kwani bila namba mtumishi wa dirishani hana pa kuanzia kukitafuta.

Nani anatoza nini

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Mtu hupewa karatasi moja yenye jumla moja, akasema, "Posta wamenitoza." Kumbe katika jumla ile mna mikono zaidi ya mmoja.

Mkono wa kwanza ni ushuru wa forodha. Huu haupangwi na ofisa wa dirishani, na siku hizi haupangwi hata na nchi moja peke yake. Mkataba wa Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulitiwa sahihi tarehe 2 Machi 2004 na kuanza kazi tarehe 1 Januari 2005, na tangu hapo nchi za Jumuiya zina kiwango cha pamoja kwa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya. Mwanzoni vilikuwa viwango vitatu: asilimia 0, 10 na 25. Tarehe 1 Julai 2022 kikaongezwa cha nne, asilimia 35, kwa bidhaa ambazo Jumuiya inataka zitengenezwe hapa hapa. Miongoni mwazo ni nguo, samani, vitu vya ngozi, na mazao ya maziwa. Vitabu vilivyochapwa viko katika asilimia 0. Naomba sentensi hiyo ya mwisho ikumbukwe, nitairudia.

Mkono wa pili ni Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kwa bidhaa ziingiazo Tanzania Bara ni asilimia 18. Hii huhesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru, si juu ya thamani peke yake. Nayo ina orodha yake ya misamaha. Kuna tena tozo nyingine ndogo za kuingiza bidhaa, kama ile ya maendeleo ya reli. Zote hizo huenda katika mfuko wa Serikali kwa njia ya Mamlaka ya Mapato.

Mkono wa tatu ndio wa Posta yenyewe. Mkataba wa Umoja wa Posta Duniani unaziruhusu Posta kutoza ada ya kukipeleka kifurushi mbele ya forodha na kukishughulikia, na kifurushi kikikaa sana ghalani huweza kutozwa ada ya kuhifadhiwa. Makampuni binafsi ya kusafirisha vifurushi nayo hutoza kwa kazi hiyo, kila moja kwa bei yake. Hii ni ada ya kazi na si kodi.

Tuchukue mfano. Jezi mpya za mpira zenye thamani ya dola 200 zimeingia. Ushuru wa asilimia 35 ni dola 70. Sasa jumla ni dola 270. Asilimia 18 ya 270 ni dola 48 na senti 60. Kwa hiyo, tukiacha kando nauli, tozo ndogo na ada ya Posta, mpokeaji anatakiwa kulipa dola 118 na senti 60 juu ya jezi ambazo yeye hakununua. Mwanafunzi wa hesabu aliyeko nyuma ataniambia kuwa hiyo ni zaidi ya asilimia 59. Ndivyo ilivyo. Asilimia 35 na 18 zikipandana hazifanyi 53.

Kwa upande mwingine, sheria ina nafuu ambazo watu hawazijui. Kwa mfano, katika Jedwali la Nne la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 imeandikwa kwamba mzigo ulioletwa kwa ndege, nauli yake ya ndege haiongezwi katika thamani ya kutozea ushuru wa forodha. Sharti moja ni kwamba nauli na bei ya mali viwe vimeandikwa mbalimbali katika ankara. Aliyejumlisha vyote akaandika tarakimu moja amejinyima mwenyewe.

Juu ya neno "zawadi"

Wengi huamini kwamba ukiandika "zawadi" mlango unafunguka. Si kweli. Neno hilo humweleza ofisa kwamba mali haikuuzwa. Halimwambii kuwa mali haina thamani. Shati la zawadi na shati la dukani yote ni mashati. Ziko nchi zenye kiwango maalumu cha zawadi: Uingereza, kwa mfano, husamehe kodi zawadi isiyozidi pauni 39 kutoka kwa mtu binafsi kwenda kwa mtu binafsi. Mtu aliyeishi huko miaka 20 hudhani kuwa sheria hiyo imesafiri pamoja na kifurushi chake. Kifurushi huhukumiwa kwa sheria ya kiendako.

Kifurushi chetu

Sasa nije kwenye karatasi nilizosoma. Kifurushi kile kilikuwa na vitu vya aina tatu: vitabu vya sayansi na fasihi, jezi, na dawa za huduma ya kwanza. Vyote vilitiwa katika sanduku moja. Katika fomu, mahali pa kueleza vilivyomo, yaliandikwa maneno mawili: "zawadi mbalimbali". Mahali pa thamani iliandikwa dola 500. Basi.

Jiwekeni katika nafasi ya ofisa. Ana sanduku lenye dola 500 za "mbalimbali". Hajui vitabu ni dola ngapi na jezi ni dola ngapi, kwa hiyo hawezi kutenga cha asilimia 0 na cha asilimia 35. Analifungua, anakuta dawa. Dawa si jambo lake peke yake. Ziko chini ya mamlaka inayosimamia dawa na vifaa tiba, nazo zinahitaji kibali. Sanduku zima linasimama kwa sababu ya dawa. Barua ya kutaka maelezo inaletwa shuleni. Shule inamwandikia mtumaji ankara ipelekwe. Mtumaji yuko safarini. Majibu yanapokuja, makadirio ya ushuru yanafanywa, nayo shule haina fungu la kulipia kitu kama hicho, kwa sababu hakuna aliyelitarajia wakati wa bajeti. Muda unakwisha. Katika fomu mtumaji alikuwa ameweka alama penye "kirudishwe", kikarudishwa, naye akadaiwa gharama za kurudi.

Ndugu zangu, vitabu havikutozwa ushuru. Vitabu vilifungwa pamoja na jezi na dawa, vikaponzwa na jirani zao. Jezi tunazoweza kushonesha mjini zimevirudisha ng'ambo vitabu tusivyoweza kuvipata. Ndilo jambo nililotaka walimu na wenzetu wa nje walisikie kwa masikio yao.

Sisemi kwamba upande wa ofisi mambo yote yalikwenda vizuri. Barua ile ya kutaka maelezo ilichukua majuma sita kufika hapa, na haikutaja hata siku ya mwisho. Karatasi ya makadirio ilikuwa na jumla tupu, bila mgawanyo wa ushuru, kodi na ada. Mwananchi anayedaiwa fedha ana haki ya kuona zimetokana na nini, na mimi nayasema haya huku nikiwa mtumishi wa Serikali. Kama jedwali la viwango na ada lingebandikwa wazi kila penye dirisha la vifurushi, nusu ya ugomvi wa madirishani ungekwisha.

Simu niliyopigiwa

Kifurushi kile kilipokuwa bado ghalani, mmoja wetu alinipigia simu kutoka ng'ambo. Yumo humu leo, na ameniruhusu niseme bila kumtaja jina. Aliniambia, "Kaka, wewe uko Serikalini. Mpigie mtu mmoja tu, litoke." Nilipomwambia sitafanya hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi umesahau ulikotoka." Kwa mwaka mzima hatukuzungumza.

Neno lile liliniuma, kwa hiyo nataka kulijibu mbele ya wote. Simu ile isingekuwa na gharama kwangu, lakini ingekuwa na gharama kwa ofisa atakayeipokea. Huyo ni kijana, pengine amesoma shule kama hii, na angelazimika kuchagua kati ya kitabu chake cha sheria na sauti ya mkubwa asiyemjua. Leo lingekuwa sanduku la shule, kesho lingekuwa kontena la mfanyabiashara mwenye sauti kubwa kuliko yangu, na kijana yule angekuwa amekwisha kufundishwa kutii sauti. Walimu wetu walioko mstari wa mbele hawakutufundisha hivyo. Sikusahau nilikotoka, nilikotoka ndiko kulikonikataza.

Jambo la kufanana na hilo ni kupunguza thamani. Mtu ananunua darubini ya maabara ya dola 400, anaandika dola 20. Kwanza, kutoa tamko la uongo kwa forodha ni kosa la jinai katika sheria ya Jumuiya, na mali yenyewe huweza kutaifishwa. Pili, ofisa hafungwi na tarakimu uliyoandika. Asipoiamini ana njia nyingine za kukadiria thamani, na makadirio hayo si lazima yawe rafiki yako. Tatu, kifurushi kikipotea, utadai fidia ya dola 400 kwa karatasi gani? Na mkataba wa Posta unasema wazi kwamba Posta hazibebi dhamana juu ya matamko ya forodha. Uongo wa fomu ni wa mwandikaji peke yake.

Upepo uvumao nje

Msidhani kwamba mambo haya ni ya kwetu tu. Dunia nzima inabana vifurushi vidogo, kwa sababu biashara ya kuagiza kitu kimoja kimoja imekuwa kubwa mno. Umoja wa Ulaya uliondoa tarehe 1 Julai 2021 msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa zisizozidi euro 22. Marekani, ambayo tangu mwaka 2016 iliruhusu vifurushi visivyozidi dola 800 kuingia bila ushuru, iliondoa ruhusa hiyo kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Posta nyingi zilikuwa hazijajua namna ya kukusanya ushuru huo mapema, hata Umoja wa Posta Duniani ukatangaza kwamba Posta 88 zimesimamisha huduma zote au baadhi yake kwenda Marekani. Zawadi za kweli zisizozidi dola 100 zilibakizwa nje ya amri ile. Kwa hiyo wale wenye jamaa huko, kabla ya kutuma kahawa na vitenge, ulizeni kwanza.

Yatupasayo kufanya

Ndugu Mwenyekiti, naomba nimalizie kwa mapendekezo, ambayo kamati ikiona yafaa iyaandike na kuwapelekea wenzetu wote walioko nje.

La kwanza, vitabu vitumwe peke yake. Sanduku la vitabu liwe na vitabu tu, na fomu iseme: "vitabu vya shule vilivyochapwa, 40, namba 4901", pamoja na thamani ya kweli. Ziko Posta za nje zinazopokea mifuko maalumu ya machapisho kwa mpokeaji mmoja, iitwayo mifuko ya M, ambayo huweza kufika kilo 30. Wenzetu waulize kama bado ipo huko waliko na bei yake. Wale wa Marekani wajue kwamba nchi yao iliacha kupeleka posta ya kawaida kwa meli mwaka 2007, kwa hiyo nauli ni ya ndege, na ni kubwa. Wachague vitabu vinavyostahili nauli hiyo. Vitabu vilivyochakaa na mitaala iliyopitwa wasitutumie.

La pili, nguo zisitumwe kabisa. Mpya ni asilimia 35. Zilizovaliwa ni asilimia 35 au senti 40 za dola kwa kilo, ile itakayozidi. Fedha ya jezi na itumwe yenyewe, mafundi wetu washone, na wao pia wana watoto wanaosoma hapa.

La tatu, dawa zisitiwe katika kifurushi chochote bila kibali kilichopatikana kabla. Kadhalika betri za lithiamu zisizofungwa katika kifaa, ambazo ni hatari ndani ya ndege. Fedha taslimu nazo zisitiwe.

La nne, vifaa vya maabara viandikiwe kwanza. Mtumaji alete ankara na jina kamili la kifaa kwa barua pepe. Mwalimu Mkuu aulize Mamlaka ya Mapato kiwango chake, na kama kuna msamaha unaoihusu shule, uombwe kabla mzigo haujaondoka. Jedwali la Tano la ile Sheria ya mwaka 2004 ndilo lenye orodha ya misamaha. Msamaha uombwao mzigo ukiwa tayari ghalani hushindana na kalenda, na mara nyingi kalenda hushinda.

La tano, juu ya kila kifurushi iandikwe anwani kamili ya sanduku la posta la shule na namba ya simu ya ofisi. Nimeona bahasha ya kifurushi kile: ilikuwa na jina la shule na jina la mkoa, na hapana zaidi.

La sita, chama chetu kitenge akiba ndogo kwa kazi hii tu, yaani kulipia ada na kodi halali za vifurushi vya shule. Iwe chini ya mweka hazina, na kila malipo yawe na stakabadhi. Mwenye kutuma zawadi ya dola 200 aweke pia fungu la kuikomboa, la sivyo amempa mpokeaji deni lililofungwa kwa utepe.

La saba, tukiona makadirio si ya haki, tusipige simu wala kupiga kelele. Sheria inampa mtu asiyeridhika na uamuzi wa forodha siku 30 kumwandikia Kamishna akitaka uangaliwe upya, na Kamishna naye ana siku 30 za kujibu. Asiporidhika tena anaweza kwenda kwenye baraza la rufaa za kodi. Barua hiyo haihitaji wakili. Yahitaji ankara, nakala ya fomu, na Kiswahili au Kiingereza cha kueleweka, ambacho tulifundishwa hapa.

Nanyi vijana, pengine mnajiuliza yanawahusuje mambo haya ya wazee. Kitabu cha fizikia ambacho mnakisoma watano watano kingalikuwa na wenzake 12 rafuni sasa. Yule mtumaji amenithibitishia leo asubuhi kwamba vitabu bado anavyo, katika sanduku lile lile, chini ya ngazi ya nyumba yake. Tumekubaliana atavituma tena kabla ya mwaka kwisha, vitabu peke yake, na fomu tutaijaza pamoja kwa simu, mstari kwa mstari. Nikiulizwa kama hiyo ndiyo simu ninayoweza kupiga, jibu ni ndiyo, na hata kila wiki nitaipiga.

 Maswali nayakaribisha, ila yale ya bei ya mishikaki ya Forodhani sitayajibu.